Je, Umeme wa Nyumba Yako Unalitosha Jiko Jipya?

Siku hizi hakuna kicheni pati isiyo na vyombo vya umeme. Zamani shangazi na akina mama wa jumuiya walimletea bibi arusi masufuria, kanga, vikombe na mbuzi ya kukunia nazi. Vitu hivyo bado vipo, lakini juu ya meza ya zawadi utaona pia birika la umeme, pasi, blenda, maikrowevu, jiko la presha la umeme, na mama mkubwa mwenye uwezo ataleta hata oveni. Tunapiga vigelegele. Tunamfunda binti yetu juu ya mume, wakwe na usafi wa nyumba. Nimehudhuria nyingi, na bado sijamsikia mtu akiuliza: nyumba anayokwenda kuishi binti huyu ina umeme wa kutosha kuviwasha vyote hivi?

Ndugu msomaji, usiseme swali hili ni la wanaume na mafundi. Anayewasha jiko alfajiri ni mama, na anayebaki nyumbani na watoto mchana kutwa ni mama au binti wa kazi. Tena jambo lenyewe linazidi kutukaribia. Mwezi Mei 2024 Serikali yetu ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Umeme ni mojawapo ya nishati hizo. Mimi kama muuguzi nafurahi sana, maana kazi ya moshi wa kuni na mkaa nimeiona katika vifua vya akina mama na watoto wachanga. Lakini nyumba nyingi tunazoishi zilifungwa umeme miaka ya 1980 na 1990, wakati hesabu ilikuwa ni taa chache, redio, pasi, na kwa aliyejaliwa, friji. Nyaya zile zile ndizo tunazozitwisha shawa ya maji moto na jiko la sahani mbili.

Siku nyumba ilipounganishwa mara ya kwanza, fundi alipiga hesabu ya mahitaji ya siku ile. Hakuna anayerudi kuhesabu tena unapoongeza vyumba vya uani au unaponunua friza ya biashara. Kuhesabu huko ni kwako wewe mwenye nyumba, na wala si kugumu. Anayeweza kuweka daftari la VICOBA anaweza kuhesabu umeme wa nyumba yake.

Volti, ampea na wati

Fikiria tangi la maji lililowekwa juu ya mnara. Msukumo wa maji kutoka kule juu ndio tunaoweza kuufananisha na volti. Wingi wa maji yanayopita ndani ya bomba ni ampea. Na kazi yote inayofanyika, yaani msukumo pamoja na wingi, ndiyo wati. Waya ni bomba. Tofauti ni moja: bomba jembamba hupitisha maji machache tu, basi, lakini waya mwembamba ukilazimishwa kupitisha umeme mwingi, unapata moto.

Hapa kwetu umeme wa nyumbani wa kawaida, ule wa njia moja, ni wa volti 230. Kwa hiyo ukitaka kujua chombo kinavuta ampea ngapi, soma wati zilizoandikwa chini yake au mgongoni mwake, kisha gawanya kwa 230. Birika la wati 2000 linavuta karibu ampea 9. Pasi ya wati 1200 inavuta ampea 5 na kitu. Shawa ya maji moto ya wati 5500 inavuta ampea 24, peke yake! Lakini taa ya LED ya wati 9 haifiki hata sehemu ya kumi ya ampea moja. Birika moja ni sawa na taa 222 za namna hiyo. Ndiyo maana mimi huwashangaa wazazi wanaogombana na watoto juu ya taa ya koridoni, huku hita ya maji imewashwa tangu jana. Shika neno hili: chombo kinachotengeneza joto ndicho kinachokula umeme. Friji, televisheni, redio, feni na taa ni walaji wadogo, ingawa friji na pampu ya maji huvuta kwa nguvu zaidi kwa nukta chache zinapoanza kuzunguka.

Kusoma sanduku bila kulifungua

Sasa nenda kwenye lile sanduku la sakiti breka ambalo wengi tunaliita meni swichi. Usifungue skrubu yoyote. Unachohitaji kimeandikwa nje, na kilicho ndani ni cha fundi. Vivyo hivyo mita ya LUKU: lakiri ya TANESCO haiguswi.

Anza na mita. Mara nyingi utaona maandishi kama 5(60)A au 5(80)A. Namba iliyo ndani ya mabano ndiyo kiwango cha juu kabisa cha ampea ambacho mita hiyo imetengenezwa kupitisha. Kisha tazama swichi kubwa ya sanduku lako. Hapa watu wengi hudanganyika. Mtu anaona swichi imeandikwa 100A, anasema, "Mimi nina umeme wa ampea mia." La hasha. Namba ile inasema tu kwamba swichi yenyewe inaweza kubeba ampea 100 bila kuharibika. Haisemi kwamba umeletewa ampea 100. Katika mnyororo mzima, tangu waya wa kwenye nguzo, mita, breka iliyo karibu na mita, swichi kubwa, mpaka soketi ya jikoni, uwezo wako ni ile namba iliyo ndogo kuliko zote.

Udanganyifu wa pili ni nafasi tupu. Sanduku la njia nane lenye breka tano tu halina maana kwamba una umeme wa kuongezea vitu vitatu vingine. Nafasi tupu ni sawa na viti vitupu ndani ya basi: havisemi lolote juu ya nguvu ya injini.

Halafu angalia breka ndogo moja moja. Ya taa kwa kawaida ni ampea 5, 6 au 10. Za soketi ni 20 au 32, na za jiko au hita ni 20, 32 au zaidi. Kila breka imewekwa kulinda waya wake, siyo kulinda friji yako. Waya wa 1.5 ni wa taa, wa 2.5 ni wa soketi, na wa 4 au 6 ni wa jiko na hita. Kama breka zako hazina majina, siku ya Jumamosi mpe mtoto mkubwa kalamu, zima moja moja, na muandike ni chumba gani kimekosa umeme. Ni kazi ya nusu saa.

Hesabu ya mama mmoja wa jumuiya yetu

Hebu tuchukue mfano halisi. Katika jumuiya yetu yuko mama mjane ambaye ana nyumba ya kawaida, na uani amejenga vyumba viwili vya kupangisha. Anauza barafu na kuku, kwa hiyo ana friza mbili. Ada za watoto zinatoka katika friza hizo na kodi ya vyumba hivyo. Alikuwa amewekewa shawa ya maji moto na kijana wake, na alitaka kununua jiko la presha la umeme. Breka kubwa ilikuwa imeanza kujikata alfajiri, mara moja au mbili kwa wiki. Fundi wa mtaani alimshauri abadilishe breka aweke kubwa zaidi. Tulikaa na karatasi.

Mita yake ilikuwa ya ampea 60, na breka iliyo karibu nayo nayo ni 60. Zidisha 60 kwa 230, unapata wati 13,800. Hapo ndipo mwisho wake. Mafundi waangalifu hawapendi mtu aishi mwisho. Yafaa mzigo wa kawaida usizidi sehemu nne kati ya tano, yaani kama ampea 48, au wati 11,000.

Tukaandika kile kinachowaka saa 12 asubuhi, maana ndiyo saa ya mzigo mkubwa. Shawa, 5500. Jiko lake la sahani mbili, 2000. Pasi ya sare za shule, 1200. Friji, 150. Friza mbili, 400. Taa 15 za LED, 135. Televisheni tatu, pamoja na za wapangaji, 240. Feni nne, 240. Kisha wapangaji: kila mmoja ana jiko la sahani moja la wati 1000, hiyo ni 2000, na mmoja wao ana birika la wati 2000. Jumla ni wati 13,865. Gawanya kwa 230, unapata ampea 60 na ushee.

Mama alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe breka ilikuwa inasema kweli."

Ndiyo. Breka ile haikuwa mbovu. Ukiondoa shawa peke yake, mzigo wote unashuka hadi wati 8,365, yaani ampea 36, na nyumba inapumua. Hata akiongeza jiko la presha la wati 1000 hafiki ampea 41. Kwa hiyo mama huyu hakuhitaji kuomba TANESCO umeme mkubwa zaidi, wala umeme wa njia tatu. Alihitaji kuoga kabla watu hawajaanza kupika. Angekuwa na viyoyozi, mashine ya kusaga au karakana ya kuchomelea, hapo tungezungumza habari nyingine. Na hata huo umeme wa njia tatu si dawa ya yote, maana kila njia ina kikomo chake, na fundi asipogawa mzigo vizuri, njia moja inalemewa huku nyingine zimelala.

Lakini hesabu haikuishia hapo, na hili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Niliuliza vyumba vya uani vinapata umeme kutoka wapi. Tukafuata waya. Ulikuwa waya mwembamba wa ekstensheni, ule wa ampea 13, umeungwa moja kwa moja nyuma ya soketi ya sebuleni bila plagi wala fyuzi, ukapita juu ya dari na kutokea uani. Soketi za sebuleni zinalindwa na breka ya ampea 32. Majiko mawili ya wapangaji na lile birika ni wati 4000, karibu ampea 17 na nusu, katika waya wa 13. Je, breka ya 32 itajikata kwa ampea 17? Haitajikata kamwe. Itakaa kimya, na waya utapikwa polepole juu ya dari, asubuhi na jioni, mpaka plastiki ilainike. Niligusa ukuta mahali waya ulipoingilia, ulikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye malaria.

Homa na shinikizo la damu

Wagonjwa wengi huogopa homa, lakini sisi wauguzi tunajua homa ni mjumbe. Breka inayojikata ni homa. Mama anayempa mtoto dawa ya kushusha homa tu bila kutafuta ugonjwa ni sawa na fundi anayeondoa breka ya 20 na kuweka ya 32, au anayefunga uzi wa shaba mahali pa fyuzi. Homa imekwisha, ugonjwa uko palepale. Ukisikia fundi anasema "nakuwekea breka kubwa zaidi" kabla hajatazama unene wa waya, mwambie, "Asante baba, subiri kwanza," kisha tafuta mwingine.

Waya wa juu ya dari ni jambo jingine. Huo ni shinikizo la damu. Haumi, hausemi, mtu anajiona mzima, mpaka siku anapoanguka. Kwa sababu hiyo, kukaa kimya kwa breka si ushahidi kwamba umeme wako unatosha. Kuna dalili ndogo ndogo: soketi iliyogeuka rangi ikawa ya kahawia, plagi ambayo ukiichomoa ina moto mkononi, harufu kama ya samaki au plastiki inayoungua ambayo huoni inakotoka, sauti ya kuvuma ndani ya sanduku, au taa zinazofifia kila unapowasha birika. (Kama taa za jirani nazo zinafifia saa zile zile, basi tatizo liko kwenye laini ya mtaani, toa taarifa TANESCO.) Ukiona moja ya dalili hizi, zima breka inayohusika na usiiwashe tena mpaka fundi afike.

Nimewahi kufunga vidonda vya watu walioungua, na sitaki kuwatisha wasomaji kwa maelezo. Niseme tu la kufanya. Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kubwa kwanza. Ndiyo sababu kabati la nguo halipaswi kusimama mbele ya sanduku, na kila mtoto mwenye akili ya kuelewa ajue lilipo. Ikishindikana kuzima, simama mahali pakavu na umsukume mbali kwa mti mkavu wa ufagio. Kama hapumui, mgandamize kifua katikati kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kama umefundishwa kupuliza pumzi, mpe 2 kila baada ya migandamizo 30, huku mwenzako anatafuta gari. Hata akiinuka na kusema yuko salama, apelekwe hospitali, maana umeme huunguza ndani mahali jicho halioni na unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Palipoungua, umeme ukishazimwa, pamwagiwe maji safi ya bomba kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali ya kuazima kwa jirani na mafuta ya kupikia viacheni. Na moto wa umeme hauzimwi kwa maji: zima swichi kubwa kama unaifikia, toa watoto nje, piga 114 kwa Zimamoto.

Kazi ya fundi

Hesabu tuliifanya wenyewe, lakini kurekebisha tulimwachia mwenye leseni. EWURA hutoa leseni za mafundi umeme kwa madaraja, na si utovu wa adabu kumwomba fundi akuonyeshe yake. Mama mmoja aliniambia anaona aibu kumuuliza mtu mzima karatasi. Mbona hospitalini mnatuuliza kama sindano ni mpya? Tunajibu bila kununa.

Fundi aliyekuja aliung'oa ule waya wa ekstensheni wote. Sehemu iliyopita juu ya dari, plastiki yake ilikuwa imekakamaa na kupasuka kama ganda la muhogo mkavu, na shaba inaonekana. Akavuta waya mpya wa 6 kutoka kwenye sanduku kubwa, ukiwa na breka yake mwenyewe ya ampea 32, hadi sanduku dogo la njia nne aliloliweka uani. Kila chumba kikapata breka yake. Aliangalia pia waya wa ethi, akakuta umekatwa na jembe karibu na ukuta, labda tangu mvua za mwaka juzi, akauunga upya. Mwisho akaweka kile kifaa kinachokata umeme mara unapovuja hata kwa kiasi kidogo cha milliampea 30, ambacho ndicho kinachookoa mtu aliyegusa chombo kibovu. Kina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze mara moja kwa mwezi, kikijikata ujue kinafanya kazi.

Gharama haikuwa ndogo kwa mjane, na alilipa kwa awamu mbili kutoka katika mkopo wa kikundi. Wapo waliosema angenunua friza ya tatu kwa fedha hizo. Mimi nilikumbuka yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, sura ya 14, aliyepaswa kuketi kwanza ahesabu. Friza ya tatu nayo ni wati 200 tu. Nafasi yake ipo, atainunua Mungu akipenda.

Jiko la presha alilinunua mwezi uliofuata. Anaoga saa 11 na nusu, kisha shawa inazimwa kwenye breka yake, na saa 12 jikoni panawaka. Ile karatasi yetu ya hesabu ameibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, na amechora mstari chini ya wati 11,000. Mpangaji mpya alipokuja kuulizia chumba juzi, kabla ya kuzungumza kodi alimwuliza kwanza ana vyombo gani vya umeme, akamwomba ageuze pasi asome wati zilizoandikwa chini, na akaziandika pale.